Dawa ya mtoto iliyobaki haimfai sungura

Na Daktari Wetu

Sungura, ambaye wengi wetu tulimzoea akifugwa vibandani mashambani kwa ajili ya nyama, sasa amehamia mjini. Katika mitaa kama vile Buruburu, Donholm na South B utamkuta kwenye roshani ya nyumba ya ghorofa, amepewa jina, na mwenyewe ni mtoto wa miaka minane. Sina ugomvi na jambo hilo. Mtoto anayemtunza mnyama hujifunza subira, na sungura ni mnyama msafi asiyepiga kelele za kuwaudhi majirani. Ninalolalamikia ni yale yanayofanyika siku mnyama huyo anapougua.

Mimi ni daktari wa watu, wala si wa mifugo. Hata hivyo, matatizo ya sungura hunifikia kwa njia mbili. Kwanza ni mikwaruzo mirefu mikononi na kifuani mwa watoto, na wakati mwingine mwa mama zao, waliojaribu kumnywesha sungura dawa kwa nguvu. Pili ni swali ambalo mzazi huniuliza akiwa tayari amesimama mlangoni, mtoto wake amekwisha kutibiwa na karatasi ya dawa iko mkononi.

"Daktari, ile dawa ya maji iliyobaki ya kifua, naweza kumpa sungura wa mtoto kidogo? Hajala tangu jana asubuhi."

"La, mama. Usimpe hata tone moja."

"Lakini si dawa ni dawa tu?"

Hapo ndipo penye kosa, na ningependa kulieleza kwa kirefu kwa kuwa nimekwisha kuulizwa mara nyingi mno.

Dawa hiyo ya kifua, katika nyumba nyingi, ni amoksisilini. Ni dawa nzuri kwa mtoto inapohitajika. Kwa sungura, ikipitia mdomoni, ni sumu. Sababu yake iko tumboni mwake. Sungura hula nyasi kama ng'ombe, lakini hana matumbo manne ya kuzisagia. Kazi hiyo hufanyika upande wa nyuma, katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana. Humo mna bakteria wasiohesabika, na hao ndio wanaomvunjia nyasi na kuzigeuza kuwa chakula. Wakati wa usiku au alfajiri sungura hutoa kinyesi laini kutoka mfuko huo na kukila papo hapo. Watoto wakimwona hucheka au huona kinyaa, lakini ndivyo anavyojipatia vitamini na protini ambazo bakteria hao wamemtengenezea.

Sasa mpe antibiotiki ya jamii ya penisilini kwa mdomo. Bakteria wema hufa, na wale wabaya wa jamii ya klostridia, waliokuwa wachache, hupata nafasi ya kuongezeka na kumwaga sumu. Sungura huharisha, huishiwa maji mwilini, na mara nyingi hufa baada ya siku chache. Si amoksisilini peke yake. Ampisilini, klindamaisini, erithromaisini na antibiotiki za jamii ya sefalosporini zote zina hatari hiyo zikinyweshwa. Kwa hiyo nyingi ya zile chupa na vidonge vinavyobaki katika kabati za nyumba zetu ndivyo hasa vinavyoweza kumuua.

Historia ya penisilini yenyewe ina funzo hapa. Alexander Fleming, katika makala aliyoichapisha mwaka 1929, alieleza kwamba alimdunga sungura maji yenye penisilini na hakudhurika. Mwezi wa Mei 1940, kule Oxford, Howard Florey na wenzake walifanya jaribio lao mashuhuri kwa kutumia panya wanane, na dawa ikaonyesha nguvu zake. Lakini mwaka 1943 watafiti nchini Marekani waliripoti kwamba dawa hiyo iliwaua simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa katika maabara, ambao matumbo yao yanafanana na ya sungura kwa namna yanavyofanya kazi. Kama Florey angeanza na simbilisi, huenda penisilini ingetupwa. Mnyama ni tofauti na mnyama, na njia ya kutia dawa mwilini ni tofauti na njia. Ndiyo maana daktari wa mifugo aweza kumdunga sungura penisilini chini ya ngozi na akapona, hali wewe ukimnywesha dawa ya jamii hiyohiyo unamzika.

Isitoshe, dawa hiyo haikupaswa kubaki. Mtoto akiandikiwa antibiotiki ya siku tano, anywe siku tano hizo zote hata kama homa imeshuka siku ya pili. Na ile dawa ya unga inayochanganywa na maji nyumbani haidumu. Aina nyingi zapaswa kumwagwa baada ya siku 7 hadi 14, kwa kadiri ilivyoandikwa kwenye chupa. Chupa iliyokaa juu ya kabati tangu mwezi wa Aprili haimfai mtoto wala sungura. Tunapozitumia dawa hizi ovyo, kwa watu na kwa wanyama, tunawafundisha bakteria kuzizoea, na siku mtoto atakapozihitaji kwa dhati hazitamsaidia. Nayalaumu pia baadhi ya maduka ya dawa mitaani. Mtu akiingia na kusema anataka "kitu cha sungura", huuziwa chupa ileile ya watoto pasipo kuulizwa swali hata moja.

Asipokula

Yule sungura aliyekuwa hajala tangu jana asubuhi alikuwa katika hatari kubwa kuliko mama huyo alivyodhani. Mbwa aweza kukaa siku nzima bila chakula asidhurike. Sungura hawezi. Matumbo yake yameumbwa kufanya kazi usiku na mchana, na yakisimama, hewa hujaa, maumivu huzidi, naye huzidi kukataa chakula. Ini nalo huanza kujaa mafuta ambayo mwili umeyatoa ili ujilishe. Tena sungura hawezi kutapika. Akikaa saa 12 bila kula na bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, wala si jambo la kungojea wikendi ipite.

Ni lazima kwanza aonwe na daktari wa mifugo. Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini husajili madaktari hao kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo chao kule Kabete. Unapopiga simu, uliza kama wanatibu sungura, kwa sababu wengine wamezoea ng'ombe na mbwa zaidi. Daktari huyo atatazama magego, kwani meno ya sungura hukua maisha yake yote, na jino lililopinda huchoma ulimi na shavu hata akaogopa kutafuna. Atalipapasa tumbo pia. Tumbo likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, huenda njia imeziba, na kumlisha kwa nguvu kunaweza kulipasua. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wako wanaokimbilia kumshindilia uji kabla ya kujua ana nini. Vilevile sungura aliyepoa masikio, amelegea na hana nguvu ya kumeza, asilishwe nyumbani.

Baada ya hapo, mara nyingi sungura hurudishwa nyumbani akiwa na dawa za siku kadhaa na maagizo kwamba alishwe kwa sirinji, yaani bomba la sindano lisilo na sindano. Hapa ndipo kazi ya mwenye nyumba inapoanza, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kwa maoni yangu, sungura wengi wanaofia nyumbani wakiwa na dawa sahihi hufa kwa sababu hakuna aliyejua kuwashika.

Mikono

Hebu tuanze na masikio. Bado kuna watu wanaomwinua sungura kwa masikio kana kwamba ni mpini wa jembe. Ni ukatili, na humuumiza. Mifupa ya sungura ni myepesi mno ikilinganishwa na ya paka wa ukubwa uleule, lakini misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akining'inizwa akapiga teke hewani, nguvu hiyo inaweza kuuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo, na miguu ikapooza hapo hapo. Kwa hiyo mkono mmoja uwe chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, na mkono wa pili ubebe makalio. Umkumbatie kifuani pako, kichwa akifiche chini ya kwapa lako; akiwa gizani hutulia. Unapomweka chini, makalio yatangulie kugusa sakafu, wala usimwachie angali juu.

Mahali pazuri pa kumpa dawa ni sakafuni. Sungura akiruka kutoka mezani au kitandani ataumia. Piga magoti au kaa, tandika taulo au kipande cha zulia ili miguu yake isiteleze, kisha mweke katikati ya mapaja yako, makalio yake yakikuelekea wewe na uso wake ukitazama mbele. Hivyo hawezi kurudi nyuma. Mbwa, paka na televisheni viondoke chumbani.

Akiwa mkaidi, mfunge kwa taulo. Mtandike katikati, funika mgongo, lete upande mmoja shingoni na kifuani hadi miguu ya mbele izuiwe, kisha upande wa pili juu yake, kama mama anavyomfunika mtoto mchanga baada ya kumwosha. Kichwa na masikio yabaki nje. Pua isifunikwe hata kidogo, maana sungura hupumua kwa pua; mtu akiibana ili "afungue mdomo", kama wafanyavyo baadhi ya wazazi kwa watoto wao, ni sawa na kumnyonga. Wenzetu wa Mombasa na Malindi wakumbuke kuwa sungura hana jasho la kumpoza. Joto linapopita nyuzi 30 huteseka, basi afungwe kwa dakika chache tu, na afadhali iwe asubuhi au jioni.

Kuna jambo moja ambalo watu hulipenda, nami nalipinga kabisa. Sungura akilazwa chali hunyamaza na kukakamaa, na watu husema amelala au amestarehe. Hajastarehe. Hiyo ni hofu ya mnyama anayejifanya mfu mbele ya adui. Ukimtilia dawa ya maji akiwa katika hali hiyo, itateremka kwenye mapafu. Watoto wetu wenyewe tunawafanyia hivyo: mtoto analazwa magotini, miguu inashikwa, pua inabanwa, na kijiko kinamiminwa huku akilia. Nimewatibu watoto waliopaliwa kwa njia hiyo. Kiumbe anayelia au kupigana anavuta pumzi kwa nguvu, na chochote kilicho mdomoni hufuata pumzi.

Sirinji yenyewe

Mdomo wa sungura ni mwembamba na ulimi wake ni mnene, lakini nyuma ya meno ya mbele, kabla ya kufikia magego, kuna mwanya usio na jino lolote. Huo ndio mlango. Ingiza ncha ya sirinji kutoka pembeni, kwenye kona ya midomo, ielekee upande wa pili wa shavu wala isielekee kooni. Kichwa kiwe sawa kama anavyokula kwa kawaida. Usikiinue juu. Sukuma kidogo sana, nusu mililita au mililita moja, halafu ngoja. Utaona taya zikitafuna na atameza. Sukuma tena. Akitema, usimkemee, futa kidevu na upumzike. Akikohoa au maji yakimtoka puani, acha mara moja, mfungue taulo, na kichwa kiinamishwe kidogo.

Dawa ipimwe kwa sirinji ndogo ya mililita moja. Kijiko cha chai hakifai kwa mnyama wa kilo mbili. Kijiko hicho huchukua takriban mililita 5, na huenda kipimo alichoandikiwa ni sehemu ndogo tu ya hiyo. Mimi ningetanguliza dawa, kwa sababu chakula kinachofuata huondoa uchungu mdomoni.

Kuhusu chakula, kuna unga maalumu wa kulishia sungura wagonjwa ambao baadhi ya madaktari wa mifugo huwa nao. Ukikosekana, chukua chakula chake cha kawaida cha punje zinazouzwa madukani, zilowekwe katika maji ya vuguvugu hadi zilainike, zisagwe na kuchujwa vipande vikubwa, uwe uji mzito unaopita katika sirinji. Uji wetu wa mahindi au wimbi, maziwa, na mkate haufai, kwani wanga mwingi hulisha wale bakteria wabaya. Kiasi kinachotumiwa sana ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, mara tatu au nne kwa siku. Basi sungura wa kilo mbili atapewa mililita 20 hadi 30 kila mlo. Ukisukuma mililita moja moja, hiyo ni kazi ya robo saa au zaidi. Asiye na robo saa mara nne kwa siku atafute jamaa wa kumsaidia kabla hajaanza. Kati ya mlo na mlo nyasi kavu, majani na maji viwe mbele yake daima, na mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ileile.

Na mtoto mwenye sungura afanye nini? Chini ya miaka kumi asimshike sungura mgonjwa. Mnyama mwenye maumivu hupiga teke, mtoto huogopa na kumwangusha, na baadaye mtoto hubaki akiamini kuwa yeye ndiye aliyemuua rafiki yake. Mpe kazi ambayo ni ya kweli. Akae mbele ya sungura ampapase kipaji cha uso. Ahesabu vinyesi vilivyotoka usiku na kuviandika katika daftari pamoja na saa ya kila dozi. Daktari wa mifugo atalifurahia daftari hilo kuliko maneno matupu ya "anaendelea vizuri kidogo".

Ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa. Ukiumwa, nenda kliniki, kwa kuwa mdomo wa sungura una bakteria wanaoweza kuufanya mkono uvimbe na kuwa mwekundu kwa muda mfupi, tena huenda chanjo yako ya pepopunda imepitwa na wakati. Choa nacho huambukizwa na sungura. Mtoto akiota duara linalowasha shingoni au mkononi, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna sungura. Sirinji ya sungura iwe na alama na isiwekwe pamoja na ile ya mtoto.

Najua nitaambiwa kwamba gharama ya daktari wa mifugo huzidi bei ya sungura mwenyewe. Mara nyingi ni kweli, na mzazi ambaye hajalipa karo hastahili kusutwa kwa hilo. Ila yafaa suala hilo lifikiriwe siku ya kumnunua, si siku ya kuugua. Na fedha zikikosekana kabisa, yako mambo mawili ya heshima: kumpa mtu mwingine anayeweza kumtibu, au kumwomba daktari amlaze kwa sindano asiteseke tena. Kumwacha roshani siku nne akisaga meno kwa maumivu, huku tukimtilia matone ya dawa iliyobaki ili dhamiri zetu zitulie, hakumsaidii yeye wala mtoto anayetazama.

Kwa wale waliobahatika sungura wao akapata nafuu: mtaiona kwa vinyesi kurudi, vidogo na vikavu kwanza, kisha vya ukubwa wa kawaida, na kwa yeye mwenyewe kunyakua jani la sukuma wiki mkononi. Msiiweke sirinji kando siku hiyohiyo. Punguzeni mlo mmoja kila siku huku mkitazama mizani, na kama uzito unashuka, rudini nyuma hatua moja. Dawa nayo iendelee hadi siku ya mwisho iliyoandikwa, na itakayosalia irudishwe kwa daktari aliyeitoa.